Moshi Mweupe Kalinzi

Kila anayenikuta karakana siku hizi ananiuliza kwanza gari liko wapi, halafu ndiyo anakumbuka kunipa pole. Basi naandika mara moja, msomeane wenyewe, maana nimechoka kusimulia nikiwa na randa mkononi. Gari nimeliacha Kigoma, nyuma ya nyumba ya mtu, limefunikwa turubai. Sijaliuza, na hamu ya kuliona sina. Pole zenu nimezipokea.

Kwa wasiojua safari ilianzia wapi: Shabani alinipigia simu kutoka Mwamgongo. Shabani ni mtoto wa mama mdogo Zena, na Mwamgongo ni kijiji cha wavuvi huko mbele ya Gombe, hakuna gari linalofika, ni boti tu. Alisema mama yake hali tena, anapewa maji kwa kijiko, na jina analotaja ni la dada yake. Dada yake ni mama yangu mimi, anayekaa Kalinzi, juu milimani kwenye kahawa.

Walizaliwa wanne, wakabaki hao wawili. Walipomzika mkubwa wao waliahidiana kwamba atakayetangulia, atakayebaki ndiye amwoshe. Mkono wa mtu baki usimguse. Mama alinilea na maneno hayo, nayajua kama ninavyojua jina langu. Na sisi Waislamu maiti hatuiweki kungoja msafiri. Mama mwenyewe nyonga ilivunjika, bodaboda hapandi, kwenye basi la kubanana hakai. Akanipigia naye, hata salamu hakuitikia vizuri, akasema, "Rama, nipeleke."

Tabora hadi Uvinza

Mnalijua gari langu. La dizeli, la zamani, umri wake wa kuoa. Moshi lilikuwa linatoa tangu siku ya kwanza, mweusi kidogo kwenye mlima, na sikuwahi kuuhangaikia. Mzee akikohoa asubuhi humpeleki hospitali kila siku. Lakini kuwaka lilikuwa linawaka. Nataka mlishike hilo, kwa sababu baadaye kila mtu alikuwa na ugonjwa wake wa kunitajia, nami nikawaamini wote.

Njia ilikwenda vizuri mpaka kwenye reli, geti limefungwa, treni ya mizigo inasubiriwa. Tulisubiri mpaka madereva wa malori wakatandika mikeka chini ya matela. Mimi nililiacha gari likinguruma, nikaenda kununua karanga. Kurudi namkuta mama mmoja muuza chumvi amemwaga ndoo nzima ya maji chini ya gari langu, anahema.

"Baba, gari yako ilikuwa inaungua," akaniambia.

"Ule moshi ni wa kawaida, mama."

"Wa kawaida? Basi nirudishie maji yangu."

Nikamchotea maji kisimani, mbali, na treni ikapita nikiwa huko huko. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi Uvinza. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika safari ile.

Simbo, kwa Issa

Jua lilikuwa limelegea nilipofika Simbo. Nina binamu pale, Issa, ana mashine ya kukamua mawese, inazungushwa na injini ya dizeli. Huwezi kumpita Issa. Ukimpita atasikia, na akisikia atanuna mpaka Idi.

Nikala ugali wa muhogo na migebuka iliyopikwa kwa mawese mazito, mchuzi mwekundu mpaka viwiko. Nikamweleza habari ya mama mdogo. Issa akanawa, akasimama.

"Dizeli unayo?"

"Nitajaza Ujiji."

"Upite kwangu na msiba mbele yako, halafu ukanunue mafuta? Watu watanionaje?"

Akabeba madumu mawili ya njano kutoka uani, yaliyokuwa yamekaa juani kutwa nzima, akayamimina yote kwenye tangi kwa mikono yake, huku mkewe ameshika kitambaa mdomoni mwa tangi kuchuja takataka. Nilimshukuru kwa moyo wote. Hata leo siwezi kumkasirikia Issa, na hilo linaniuma zaidi, maana hasira ingekuwa na pa kwenda.

Ujiji

Nililala Ujiji, kwa rafiki wa zamani. Asubuhi nageuza ufunguo, stata inazunguka, injini haishiki. Nikageuza tena. Moshi mweupe ukatoka nyuma kama wa kuni mbichi, halafu kimya. Majirani wakasukuma, likashika kwa kukohoa, likatetemeka, likazima mbele ya msikiti.

Hapo ndipo nilipokutana na fundi Sudi. Fundi Sudi anasema sana, lakini kwa kweli anaijua kazi yake. Alisimama nyuma ya bomba la moshi, mikono kiunoni.

"Moshi una lugha yake," akasema. "Mweusi, gari linapewa dizeli nyingi kuliko hewa. Wa buluu, linakunywa oili. Huu mweupe ni dizeli inayopita bila kuungua. Ndani hamna joto. Plagi zako za kupasha zimekufa."

Akazitoa, akazipima kwenye betri moja moja. Mbili zilikuwa zimekufa kweli. Nilifurahi mwenzenu, nikajua ugonjwa umepatikana. Mtu ukishapata sababu moja ya kweli hutafuti ya pili. Kutafuta plagi za gari la umri ule kulitupeleka duka hadi duka mpaka Mwanga, Kigoma mjini, na zilipopatikana jua lilikuwa utosini. Fundi akazifunga, nikageuza ufunguo, likawaka mara moja.

"Si nilikwambia?" akasema fundi Sudi.

Sasa nyie fikirieni. Lingewaka tu, hata bila plagi, kwa sababu jua lilikuwa limeshapiga tangi na mabomba yake. Hatukujua, mimi wala yeye. Ila nilikuwa nikisimama nyuma ya gari njaa inaniuma, njaa kali, ilhali nimetoka kula. Nikadhani ni mawazo.

Shabani akapiga. Mama mdogo ameamka, ameuliza, "Amefika?" Wakamwambia yuko njiani. Nikamwambia Shabani kesho mchana tuko kwenye boti, ampe mama salamu.

Kupanda Kalinzi

Kutoka Mwandiga barabara inapanda tu. Kila kona gari lilizidi kukosa nguvu, nikashuka gia mpaka ya kwanza, watu wenye mikungu ya ndizi vichwani wananipita kwa miguu na kunipungia. Moshi ulikuwa umerudi kuwa mweusi. Nikajiambia, gari ni zee, na mlima ni mlima.

Mama nilimkuta ameketi mlangoni, mzigo wake miguuni. Alikuwa amefungasha sanda, marashi, kafuri, pamba na kanga mbili mpya za kufungia kiunoni wakati wa kuosha. Alikuwa tayari tangu asubuhi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Tunakwenda?"

"Boti imeshaondoka, Mama. Ni moja tu kwa siku, inatoka Kibirizi mchana. Tutaondoka alfajiri."

Akautazama mzigo wake, akasema, "Haya," akausogeza ndani. Nilimwekea maharage, akayageuza geuza. Usiku baridi ya Kalinzi iliingia hata ndani ya blanketi, ile baridi ambayo sisi tuliozoea Tabora tunaisahau kabisa.

Asubuhi ya Kalinzi

Alfajiri niligeuza ufunguo na gari halikujibu lolote la maana. Stata inazunguka, moshi mweupe unatoka kidogo kidogo, basi. Nikapasha plagi mpya mara tatu, mara nne. Betri ikaanza kuchoka.

"Mwakeye," majirani wakaanza kuja kunisalimia mmoja mmoja, na kila mmoja na dawa yake. Mmoja alisema pampu. Mwingine akasema ringi za pistoni zimekwisha, hapo ni kushusha injini. Tukalisukuma kwenye mteremko ili lishike lenyewe. Halikushika. Likashuka mpaka bondeni kwenye kahawa likasimama pale, na sasa mlima ulikuwa mbele yetu na gari chini. La kuvunda halina ubani, jamani.

Hiace ya Manyovu ilipita juu barabarani, watu wananing'inia mlangoni. Mama akaitazama akatikisa kichwa. Asingefika mzima.

Ndipo mzee mmoja jirani, Mzee Bakari, akasema lile nililoogopa litasemwa. Kule kwetu mgonjwa hashindwi kufika kwa kukosa gari. Wanaume wanne wanambeba kwa machela, wanapokezana na wengine wanne, na kuna njia ya miguu inayoshuka hadi ziwani. Wamebeba wajawazito hivyo, wamebeba waliovunjika, hawadai kitu. Vijana walishaanza kukata miti ya kushikia.

"Dada, tutakufikisha," Mzee Bakari akamwambia Mama. "Jioni uko Mwamgongo."

Mama alisimama kwa fimbo yake. "Mwakoze," akawashukuru, halafu akasema, "Kwenye machela wanalala wagonjwa na maiti. Mimi nakwenda kuosha, siendi kuoshwa. Niingie kwa Zena nimebebwa, wakinitazama watalia mara mbili. Mwanangu ana gari."

Mwanangu ana gari. Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyebishana naye, maana alichosema kilikuwa na heshima yake, na vijana wakaweka miti chini.

Jua lilikuwa limepanda vizuri lilipokuja lori la kokoto la wajenzi wa barabara. Dereva wake aliona kundi bondeni akashuka kutazama. Mtu wa Singida, hana hata wiki Kigoma, alisema mwenyewe. Nikageuza ufunguo ili asikie. Moshi mweupe ukampiga usoni.

"Mnapika nini hapa?" akauliza.

"Hatupiki kitu."

"Mbona kunanuka maharage?"

Tukacheka, hata Mzee Bakari. Yeye hakucheka. Akainama kwenye bomba la moshi akavuta pumzi kwa nguvu.

"Sitanii. Hii gari inanuka mafuta yenu yale mekundu. Kwetu tunapikia alizeti, mimi harufu ya mawese nimeisikia tangu nazima lori."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu ishirini tulisimama nyuma ya gari lile asubuhi nzima na hakuna aliyesikia kitu. Tungesikiaje? Mawese ndiyo harufu ya nyumba zetu, ya nguo zetu, ya mama zetu. Kwetu hiyo si harufu, ni hewa tu. Nikakumbuka njaa yangu kule Ujiji, nikaenda kuchukua spana.

Tulifungua filta ya dizeli. Ilikuwa imejaa kitu kizito cha rangi ya chungwa, unakichota kwa kidole. Nikampigia Issa. Akaniambia dumu la pili lilikuwa la mawese kabla hajatilia dizeli. Mazito yalibaki yameganda chini, akadhani ameyakwangua yote. Juani Simbo yaliyeyuka, yakachanganyika, yakapita kwenye kitambaa cha mkewe bila kuonekana. Ujiji yalianza kuwa mazito. Kalinzi, kwenye baridi, yaliganda.

"Ndugu yangu, nimekuua," Issa akasema.

"Hujaniua," nikamjibu.

Kinamama wakachemsha maji. Tukaosha filta kwa dizeli safi ya lori, tukafunga matambara ya moto kwenye mabomba, tukayabadilisha yakipoa. Tukapiga pampu ya mkono mpaka hewa yote ikatoka. Likawaka. Moshi ulikuwa mweupe, kisha wa kijivu, kisha ukaisha. Watu wakashangilia, na mimi nilikuwa natazama jua.

Kibirizi

Nilishuka mlima ule vibaya, Mungu anisamehe. Mama alishika kishikio cha mlango hakuniambia "polepole" hata mara moja.

Tulipofika Kibirizi boti ilikuwa imeshatoka. Unaiona kabisa, imejaa watu na magunia, imeinama upande mmoja, inaelekea Gombe. Nikaita kama mwendawazimu. Muuza dagaa mmoja akaniambia, "Kaka, yule hasikii, injini yake inapiga kelele kuliko wewe." Nikatafuta boti ya kukodi. Mmoja alikubali, akaenda kuleta mashine, hakurudi. Mwingine alisema upepo umechafuka, hatoki na mwanamke mzee. Alikuwa na haki, mawimbi yalikuwa yanapiga mpaka kwenye meza za samaki.

Mama alikaa juu ya mzigo wake mchangani mpaka giza likaingia. Nilimletea chai na muhogo wa kuchoma, akala kidogo kwa ajili yangu. Mimi sikula. Nyie mnanijua kwa kula, kwa hiyo mtajua nilikuwaje.

Kulipopambazuka Shabani alipiga. Nilisogea mbali kupokea. Niliporudi Mama alikuwa ameshajua, maana alikuwa ameanza kuvua saa yake na bangili, kama anayejiandaa kunawa.

"Lini?"

"Alfajiri hii, Mama. Shabani anasema watangoja kadiri watakavyoweza."

"Wasingoje," akasema. "Zena alikuwa hapendi kungojesha watu." Lakini akavaa saa yake tena, akawa anaitazama kila mara mpaka mchana.

Mwamgongo

Mpagazi mmoja mnene alimbeba Mama mgongoni kupita majini hadi kwenye boti, taratibu, akimwambia, "Nishike shingo, bibi, usiniogope." Hapo alikubali kubebwa. Tulisimama kila kijiji, tukishusha saruji, tukipakia kuku, tukimngoja mtu aliyekwenda kuaga. Kila tuliposimama niliona mkono wa Mama unakaza kwenye ule mzigo. Kukata tamaa kwangu kulishaisha wakati ule, kulibaki kitu kingine kisicho na jina, kizito, cha kukaa nacho tu.

Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini tulipotia nanga. Niliwaona kabla Mama hajawaona, wametoka kwenye njia ya mlimani, suruali zina udongo, majembe begani. Shabani alikuja mpaka majini akamshika Mama miguu. "Mama mkubwa, upepo uliwachelewesha. Shehe alisema jua linakwenda."

"Mmefanya vyema, mwanangu," Mama akasema.

Ndani walijaa kinamama. Akaketi kwenye mkeka, hakulia. Akauliza, "Nani alimwosha?"

Mama mmoja wa makamo akajisogeza. Mama Feza, jirani, watu wake walivuka zamani kutoka upande wa Kongo. Alikuwa anaogopa, unaona kabisa. "Ni mimi, dada. Hakukuwa na ndugu wa kike. Unisamehe."

"Nihadithie."

"Dada?"

"Nihadithie ulivyofanya. Tangu mwanzo. Usiruke."

Nilitaka kutoka, si mambo ya wanaume yale, lakini mlango ulikuwa umezibwa na watu, nikabaki nimegeukia ukuta. Mama Feza akaanza, sauti ndogo. Kwamba maji yalikuwa ya uvuguvugu. Kwamba alimfunika kanga wakati wote. Kwamba alianza upande wa kulia, mkono, bega. Nikageuka kidogo nikamwona Mama. Mikono yake ilikuwa mapajani, na ilikuwa inakwenda. Mama Feza akisema bega, mkono wa Mama unapita pale hewani, polepole, kwa kiganja. Akisema mguu, unashuka.

"Nywele?" Mama akauliza.

"Nilizifungua, nikaziosha, nikazisuka mafungu matatu."

"Ulikaza?"

"Sikukaza, dada. Nilisuka laini."

Vidole vya Mama vilikuwa vinasuka. Vilifika mwisho wa fungu la tatu, vikabana ncha, vikakaa hapo.

"Endelea," akamwambia.